Kijiti cha Nane

Mtwara, Alhamisi, baada ya adhuhuri

Mwanangu Zuhura,

Tumo nyumba moja, na ukuta mmoja tu ndio unaotutenga ninapoandika haya. Nakusikia huko uani. Bi. Somoe anakusuka nywele za safari na wewe unalalamika kwamba anakaza mno. Ningeweza kukuita ndani nikakuambia kwa mdomo. Wiki hii nimejaribu mara tatu, na mara zote tatu nimeishia kukuuliza kama umekula. Ndiyo maana naandika. Utaisoma barua hii ukiwa melini, pwani yetu imeshapotea machoni, na hutaweza kushuka uje kunigombeza wala kunihurumia.

Mambo ya dawa za homa, ya kulinda sanduku lako na ya kutomwamini kila anayekuita dada, bibi yako na shangazi zako wamekuambia mpaka umechoka. Mimi nina jambo jingine. Linahusu gari la baba yako, na mguu wa Ba'mdogo Matayo, na ile barua yako ya kuitwa chuoni ambayo sote tulisema imechelewa njiani. Haikuchelewa, mwanangu. Lakini siwezi kuanzia hapo, kwa sababu ukiisikia peke yake utadhani mama yako alipatwa na wazimu wa siku tisa. Lazima nianzie kwenye gari.

Mwaka ule ulikuwa Ziwani kwa bibi yako unasoma, na hapa nyumbani ulikuja sikukuu kwa sikukuu. Gari ulilikuta limekamilika, limepakwa rangi ya kijivu, linanguruma, ukadhani lilikuja hivyo. Halikuja hivyo. Lilikuja juu ya lori la nazi, limelala ubavu, lina mchanga mpaka kwenye taa.

Lilikuwa la Mzungu mmoja, meneja wa shamba la mkonge, kijana asiyetulia. Siku moja ya mapumziko alilipeleka Msimbati ili alikimbize juu ya mchanga maji yakiwa yametoka. Gari lenyewe unalijua, la mbio, fupi, limeinama mbele kama mbwa anayenusa, na injini yake iko nyuma. Uzito wote ukiwa nyuma, magurudumu ya nyuma yakazama. Akasukuma, akaita watu, na bahari ikajaa. Lilikaa majini mpaka kesho yake. Watu wa Msimbati walilivuta kwa kamba za majahazi, na yule Mzungu alipoona maji ya chumvi yanatiririka kutoka milangoni, aliandika karatasi kwamba gari ni mali ya Mzee Mnali, aliyeongoza uvutaji, akaondoka. Mwaka huohuo akarudi kwao Ulaya.

Mzee Mnali hakuwa na kazi nalo. Kuku walitagia ndani kwa masika mawili. Siku moja baba yako, ambaye wakati ule alikuwa fundi wa mitambo bandarini kama alivyo sasa, alikwenda Msimbati kumtengenezea mashine ya boti, akaliona. Aliporudi alikuwa kama mtu mwenye homa. Aliniambia, "Mama Zuhura, nimeona kitu." Nikamuuliza kitu gani. Akasema nisingeelewa. Kweli sikuelewa, ila nilipata wasiwasi, kwa sababu baba yako si mtu wa kukosa maneno.

Wiki mbili baadaye nilirudi kutoka sokoni nikakuta gari liko ndani ya banda langu la kushonea. Cherehani yangu ilikuwa imetolewa, imewekwa barazani na kufunikwa gunia.

"Redio iko wapi?" nikauliza, maana niliona na mahali pa redio pako wazi.

"Imekwenda Msimbati," akasema baba yako.

"Imekwenda kufanya nini?"

"Imekwenda na baiskeli."

Ndivyo gari hili lilivyonunuliwa. Redio yetu, baiskeli yetu, na matengenezo ya mashine ya boti ya Mzee Mnali kwa muda ambao sikuambiwa. Mimi sikuulizwa. Nilicheka siku ile, kwa sababu majirani walikuwepo. Bi. Somoe alizunguka nyuma, akainama, akatafuta mahali pa kutilia maji asipaone. "Hili gari halinywi maji?" akauliza. Baba yako akamweleza kwa fahari kwamba injini ile inapozwa na upepo mtupu. Bi. Somoe akasema, "Basi limefunga. Tungoje magharibi." Uani pote watu wakaangua kicheko. Mimi nilicheka nao huku nimeishika cherehani yangu kana kwamba nayo itapakiwa kwenye lori.

Nataka ujue kosa langu la kwanza lilikuwa pale. Nilikasirika, nikacheka. Baba yako aliona kicheko, akaamini kicheko.

Peke yake asingeliweza lile gari. Chini palikuwa pameliwa na chumvi mpaka ukikaa unaona siafu wanapita. Injini ilikuwa imeshikana, haizunguki hata ukiitundikia watu wawili. Hapo ndipo alipoingia Matayo. Wewe unamjua kama Ba'mdogo wako, mwenye gongo la kutembelea na kiti chake kidogo chini ya dirisha la baba yako. Wakati ule alikuwa kijana wa miguu miwili, mwembamba, mcheshi kidogo, aliyevuka Ruvuma akikimbia vita kwao Palma. Alikuwa akihangaika bandarini kutafuta kazi ya kubeba magunia. Baba yako alimsikia akimwambia kuli mwenzake kwamba kwao alikuwa fundi wa tajiri mmoja wa Kireno, na kwamba tajiri yule alikuwa na gari dogo la mbio lisilotumia maji. Alimleta nyumbani siku ileile. Nikampikia, akalala kwenye chumba cha uani, na hajaondoka mpaka leo.

Sitakudanganya, kuwatazama wakifanya kazi kulikuwa kuzuri. Walimwaga mafuta ya taa kwenye matundu ya plagi, wakayaacha yakanywewa, wakamwaga tena, majuma mengi, mpaka asubuhi moja nikasikia baba yako anapiga kelele kama aliyeng'atwa. Injini ilikuwa imezunguka, robo tu. Silinda zake zina mapezi kama ya samaki, na kila pezi lilikuwa limejaa mchanga na kutu. Matayo alizisugua moja moja kwa kijiti cha mwanzi. Alikuwa mkali sana juu ya vibati vyembamba vinavyoizunguka injini. Baba yako aliona havina kazi, akataka kuviacha. Matayo akamwambia, "Athumani, upepo nao una njia yake. Ukiacha kibati kimoja upepo unapotea, na silinda moja inaungua kimyakimya. Utadhani gari liko sawa." Sakafu waliitengeneza kwa mapipa yaliyopasuliwa na kunyooshwa. Nyundo za kunyooshea bodi walichongewa kwa mpingo na mchongaji mmoja wa Kimakonde, akashangaa sana kuombwa achonge kitu kisicho na uso. Ringi za pistoni zililetwa na baharia kutoka Mombasa, naye huyohuyo ndiye aliyewapa rangi ya kijivu iliyobaki melini kwao.

Na viti nilishona mimi. Sikuombwa. Nilichukua turubai kuukuu, nikalifua mara nne, nikajaza usumba wa nazi nilioupiga mwenyewe, nikavunja sindano saba za cherehani. Baba yako alipokaa kwenye kiti cha kwanza, gari likiwa bado juu ya matofali, alifumba macho akasema, "Kiti hiki kimenishika." Nilifurahi, mwanangu. Mtu anaweza kukishonea kitu na kukichukia katika siku moja.

Kwa nini nililichukia gari lile, hilo ndilo gumu. Mjomba wako Bakari, kaka yangu wa tumbo moja, alikufa barabara ya Masasi kwenye lori la korosho lililokosa breki. Nililetewa kofia yake tu, bado ina umbo la kichwa. Wewe ulikuwa mdogo sana. Na baba yako alikuwa na tabia ya kuendesha malori ya bandari kama mtu anayefukuzwa. Sasa kila jioni alikuwa anasema, "Likiwaka tu, mama Zuhura, nakwenda Masasi asubuhi na kurudi magharibi." Anasema huku anacheka, na mimi naiona kofia. Palikuwa na wivu pia, nisikufiche. Alikuwa anafuta kila chuma kwa kitambaa, polepole, kwa mikono ambayo nilikuwa nimeisahau. Lakini zaidi ya wivu ilikuwa hofu. Hofu yangu niliipa jina la busara, na kwa jina hilo nikaitii.

Walikuwa wamefika kwenye kuifunga injini. Kuna vijiti vya chuma, vyembamba, vina tundu ndani, urefu kama wa mwiko wa jikoni, ambavyo vinasukuma vali zifunguke na kufunga. Mafundi wanaviita pushirodi. Wewe utakuwa unavijua kuliko mimi. Viko vinane. Walikuwa wamevisafisha na kuvipanga kwenye kitambaa cha kaki, kila kimoja na namba yake kwa chaki. Ilikuwa Ijumaa. Baba yako alikuwa msikitini, Matayo amekwenda kutafuta grisi. Niliingia bandani kuchukua mkasi wangu. Nikatoka na mkasi, na kijiti cha nane.

Nilikitia ndani ya mto, ule mrefu wa usumba unaokaa kitandani kwetu, nikaushona mdomo. Kazi ya dakika tano. Nilikuwa nataka mwezi mmoja tu. Nilijiambia katika mwezi huo labda hamu itampungua, labda atapatikana mtu wa kulinunua, labda nitapata ujasiri wa kusema. Ukiona siku moja umeanza kuomba muda bila kujua utaufanyia nini, mwanangu, simama ujiangalie. Mimi sikusimama.

Walitafuta siku tatu. Walichekecha mchanga wote wa banda kwa chekeche langu la unga. Baba yako alikwenda kwa mapadri wenye gari la Kijerumani la mgongo wa kobe, akaomba kijiti akajaribu, kikawa kifupi kidogo tu, lakini kifupi. Siku ya nne, wakati wa chakula cha mchana, akaweka tonge chini. Tulikuwa watatu mkekani.

"Humu ndani tumo watu watatu," akasema. "Mimi sikukichukua. Mama Zuhura hajui hata kazi yake."

Matayo alimtazama. "Endelea," akasema. "Umebakiza mmoja."

"Sikusema hivyo."

"Umesema. Maliza."

Baba yako hakumaliza. Lakini hakulifuta pia. Watu wengi walikuwa wanavuka mto wakati ule bila kitu, na wengine waliuza walichokiokota ili wale, na maneno hayo yalikuwa mtaani kila siku. Nadhani yaliingia kichwani mwa baba yako bila hodi. Nami nilikuwa pale, mkono ndani ya bakuli la mchuzi. Neno moja lingetosha. Nilinyanyuka nikasema naleta maji.

Kesho yake asubuhi baba yako alipokwenda kazini, Matayo alitoka chumbani kwake amefunga viatu. Alisema gari la yule Mreno lilichomwa moto mwanzo wa vita, nyuma ya ghala, njia ya Palma. Moto ulianzia mbele na injini iko nyuma, kwa hiyo vijiti vitakuwepo.

"Unakwenda huko kwenye vita, shemeji?" nikamuuliza.

"Nakwenda kutafuta jina langu," akasema.

Zuhura, kutoka pale mlangoni mpaka kwenye mto ule wa kitandani zilikuwa hatua kumi. Nimezipima baadaye. Nilimwambia, "Subiri kwanza unywe chai." Akakaa, akanywa. Nilikaa mbele yake muda wote wa chai ile. Niliona koromeo lake linavyopanda na kushuka. Alipomaliza alirudisha kikombe kwa mikono miwili, akanishukuru, akaondoka.

Baba yako aliporudi na kusikia, akasema, "Nimefanya nini?" Hakubadilisha hata nguo za kazi. Alimfuata. Alimkuta kwenye kivuko cha mitumbwi, wakavuka pamoja, bila ruhusa ya mtu yeyote, watu wawili wakitafuta kijiti cha chuma katikati ya vita.

Nilikaa siku sita. Ndege zilikuwa zikipita upande wa Ruvuma, na kila ikipita nilikuwa natoka uani kana kwamba nikiitazama sana itageuza njia. Siku ya tatu niliufumua ule mto wa usumba, nikakishika kijiti mkononi, na nikagundua kwamba sina wa kumpa. Nikakirudisha nikashona tena. Sijui kwa nini nilishona tena. Mikono ilikuwa imeshazoea.

Walikuwa wamekipata. Wakati wa kurudi, si mbali na mto, Matayo alikanyaga bomu lililofukiwa. Baba yako alimfunga paja kwa mkanda wake, akambeba mgongoni kupita mateteni mpaka kwenye maji, na wavuvi wakawavusha. Lori la samaki likawafikisha hospitali. Nilipoitwa, mguu ulikuwa umeshakatwa juu ya goti. Matayo alikuwa macho. Alipomwona baba yako ameingia nami, aliingiza mkono chini ya shuka, akatoa kitambaa, akakikunjua. "Cha nane hiki," akasema. "Kifunge vizuri."

Baba yako alilia kwa sauti wodini. Alimwomba msamaha mbele ya wagonjwa wote, akasema hakumdhania kweli, ni hasira, kijiti labda kilibebwa na kuku. Matayo akasema, "Labda kuku." Nami nikasema, "Labda kuku."

Basi gari likawaka. Ulikuwepo siku ile, ilikuwa sikukuu, ulirukaruka na watoto wenzako. Uliniuliza kwa nini nimejifungia chumbani nikasema moshi umenichoma macho. Na baba yako Masasi hakwenda. Tangu siku ile anaendesha taratibu, kwa sababu Matayo hukaa kiti cha pembeni na kila tuta linamuuma. Kwa hiyo nilipata nilichokitaka. Nimekipata miaka saba.

Miaka saba nimempikia Matayo. Ndiye aliyekufundisha kusikiliza vali kwa bisibisi iliyowekwa sikioni, ndiye aliyekutia moto wa ufundi, na kila nilipowaona mmeinamia injini ile nilikuwa nafurahi na kuogopa kwa pamoja. Watu walisema mama Zuhura ana moyo, anamtunza mkimbizi kama ndugu. Nilikuwa napokea sifa hizo. Hakuna chakula kilichowahi kunichosha kupika kama hicho.

Sasa barua yako. Tarishi wa bandarini aliileta hapa mchana wakati baba yako yuko kazini na wewe umekwenda Ziwani. Niliuona mhuri wa chuo, nikajua. Nikaiona meli, nikaona barabara za mji, karakana iliyojaa wanaume, na mwanangu peke yake katikati yao, na mashine zinazoweza kula mkono. Nikaenda moja kwa moja kwenye mto. Sikufikiri. Nilifumua mdomo, nikasukuma barua ndani ya usumba, na vidole vyangu vikagusa chuma. Kilikuwa baridi, mahali palepale nilipokiacha.

Ningependa kukuambia kwamba niliitoa barua saa ileile. Niliiacha siku tisa. Nilikuona ukienda posta na kurudi. Nilikuona ukimwambia baba yako, kwa sauti ya kujikaza, kwamba huenda wasichana hawakuchaguliwa mwaka huu. Usiku ulikuwa unalia ukidhani nimelala. Na mimi nikawa nakuambia, "Subiri, mwanangu, labda imechelewa njiani." Siku ya tisa ulinyanyuka ukaniletea chai. Uliniletea mimi, ili unifariji. Uliporudi kuchukua kikombe nilikurudishia kwa mikono miwili, nikaiona mikono ile, nikamkumbuka Matayo alivyonirudishia kikombe asubuhi ile. Baada ya dakika chache nikakuita nikasema tarishi amepita.

Wewe uliruka. Mimi niliketi. Nilijua kwamba nisipolisema lile la kwanza nitakuja kufanya la tatu.

Nilianza na Matayo, Jumamosi iliyopita. Nilikwenda chini ya dirisha na kijiti mkononi, nikakiweka magotini kwake. Alikigeuza, akaiona namba, chaki bado imeshika kidogo. Nilimweleza yote, hata chai. Hakunitazama. Alisema, "Ondoka hapa, shemeji." Chakula nilichompelekea alikirudisha kimefunikwa, hakikuguswa. Siku ya pili hivyohivyo. Wewe uliniuliza kama Ba'mdogo anaumwa. Siku ya tatu aliniita.

"Mguu nimeuzoea," akasema. "Kuna siku naota ninao, nikiamka naudhika kidogo, basi. Jina la mwizi ndilo sikulizoea. Athumani aliniomba radhi, lakini kijiti hakikuonekana. Kila akikosa spana ananitazama kabla hajaangalia chini ya gari. Labda hajui kwamba ananitazama. Miaka saba mimi nimekuwa nalijua hilo jicho."

Nikamuuliza nifanye nini.

"Mwambie. Nami niwepo."

Nikamwambia, jioni ileile, wewe ukiwa kwa shangazi zako kuaga. Baba yako alisikiliza amesimama. Nilipomaliza alikwenda kwa Matayo, akapiga magoti, akamshika mkono, asiuachie mpaka nikaona aibu kuwepo. Kisha akatoka akaenda zake baharini kwa miguu. Hizi siku tatu ambazo umekuwa ukidhani baba yako ananuna kwa sababu unaondoka, si wewe. Ni mimi. Hajanigombeza. Angenigombeza ningejua nimesimama wapi.

Leo asubuhi, ulipokwenda kuchukua tiketi, aliingia jikoni. Alikaa juu ya mbuzi ya kukunia nazi, kitu ambacho hajawahi kufanya tangu anioe, na kwa muda alikuwa anatazama moto.

"Uliogopa nini hasa?" akauliza.

Nikamwambia habari ya kofia ya Bakari. Nikamwambia na habari ya redio.

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia, ungesikia?"

Nilidhani atasema ndiyo. Alifikiri sana, unamjua baba yako anavyofikiri, anasugua kidole gumba.

"Hapana," akasema. "Nisingesikia."

Akanyanyuka. Alipofika mlangoni akageuka. "Lakini Matayo angekuwa na mguu wake."

Yote mawili ni kweli, mwanangu, na sina uwezo wa kuchukua moja nikaacha jingine. Nilitaka nikuandikie baada ya mambo kutulia, nikuambie mwisho wake, lakini meli haingoji mambo yangu. Sijui baba yako atanisamehe lini. Matayo leo amekula. Sahani ilirudi tupu.

Na wewe sijui utasemaje. Kasirika. Zile siku tisa zilikuwa zako na mimi nilizila. Niandikie ukiwa na hasira hiyohiyo, usingoje ipoe ili uniandikie maneno mazuri. Ukipata hofu huko uendako, na utaipata, mtafute anayehusika umwambie wewe mwenyewe, hata kama sauti inatetemeka, hata kama unajua hatasikia. Mimi sina ushauri mwingine niliouhakikisha.

Naogopa, Zuhura. Naogopa meli, naogopa mashine, naogopa hata watu wema watakaokupokea. Nimekaa hapa nimeogopa tangu alfajiri. Sasa nimekuambia, na kesho utaondoka vilevile.

Sanduku lako nimelifunga mwenyewe. Ukifika lifungue, ukague. Hakipungui kitu.

Mama yako